Siku Niliyomfokea Baba Mkwe

Watu wa Tunduma wanapenda kusema kwamba Ferista ana mdomo. Sawa, ninao. Hebu fungua wewe karakana ya matairi kando ya foleni ya malori yaendayo Zambia, halafu uwe mpole, tuone kama utamaliza mwezi. Dereva ametoka Dar na usingizi wake machoni, tairi la nyuma limelala, wenzake wanampigia honi, na yeye anataka kuinama palepale unapojaza upepo ili akuelekeze kazi. Mtu huyo humwambii "samahani kaka." Unamwambia, "Zima gari, shuka, kasimame kule!" Naye anakwenda kusimama kule huku ananuna. Anune tu. Aliyenuna bado yuko hai.

Mdomo huu umefukuza wateja, sikatai, lakini umelinda wengi zaidi. Na katika wote uliowalinda, yupo mmoja ambaye haukuruhusiwa hata kumsalimia. Huyo ni baba mkwe wangu.

Mimi ni Mnyiha wa Mbozi Mission, nimekulia kwenye mikahawa ya baba yangu. Kwetu mkwe unampigia goti, unamkaribisha, yamekwisha. Sasa nikaolewa na Tuntufye, Mndali wa Ikinga, kule milimani Ileje, na katika ukoo wao mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sijasema hawapendani, nimesema hawaonani. Nikikutana naye njiani, naingia shambani mpaka apite. Akiingia nyumbani kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Simpi mkono, sipiti mbele yake, chakula chake nampa wifi apeleke, na jina lake halitoki kinywani mwangu. Naye vilevile. Akiniona kwa bahati mbaya, anageuka na kujifunika koti usoni. Kwake mimi ni "mke wa Tuntufye", sina jina lingine. Sauti yake nilikuwa naijua kwa kuisikia nyuma ya ukuta tu.

Mwanzoni nilicheka. Mama mkwe, Mungu amlaze pema, akaniambia, "Mwanangu, heshima ya kwetu ndiyo hiyo. Ukiivunja, hakuna mtu wa ukoo huu atakayekuangalia tena." Nikaacha kucheka. Nikaishika ile heshima kwa mikono miwili, na haki ya Mungu, hakuna aliyewahi kunikuta na kosa.

Basi Mzee huyohuyo asiyeniona ndiye aliyeuza maksai wake ili tununue kompresa. Siyo vile vidude vya kubeba mkononi, hapana. Hii ina tangi refu kama jeneza la mtu mnene, mota ya umeme juu yake, belti pembeni, na geji ya kuonyesha upepo uliomo. Tuntufye ni dereva wa lori, leo Lusaka, kesho Kapiri Mposhi, nyumbani anapita kama mgeni. Mashine ikabaki mikononi mwangu. Nilikuwa nimejifunza kazi Vwawa kwa fundi Raphaeli, mtu mkali kunizidi mimi, na alikuwa na usemi wake mmoja kila asubuhi tukifungua koki ya chini kumwaga maji ya tangi: "Upepo uliofungiwa unatafuta mlango. Usipouachia mlango, utajitobolea." Tuliuchoka usemi huo. Sasa nausema mimi, wanauchoka wengine.

Kazi ikakolea. Madereva wa Kizambia wakaanza kunijua, "Bamayo, bamayo," wananiita hivyo, yaani mama. Nikaona kwa mara ya kwanza maishani kwamba kuna kitu nakijua na watu wanakuja kukifuata kwangu. Kompresa ile ilikuwa imenipa nafasi yangu chini ya jua, na sikutaka kuipoteza.

Kumbe huko milimani maneno yalikuwa yameshafika: mashine ya Mzee inachezewa na mwanamke. Ukaja ujumbe kwamba Mzee anashuka Tunduma na mdogo wake, mzee Anania, kuja kuiombea mashine. Kwao kitu kipya lazima kiombewe. Na baada ya maombi ataamua: ama kompresa ibaki kwangu, ama ipakiwe kwenye gari irudi Ileje, shemeji yangu Gibson akafungue nayo karakana yake.

Gibson ni mdogo wake Tuntufye, alikuwa ananisaidia kazi. Kijana mzuri wa sura, mcheshi, mikono ina haraka kuliko kichwa. Tulikuwa tunataniana kutwa nzima kama ilivyo kwa mashemeji. "Shemeji, mashine ikienda Ileje utabaki kupuliza matairi kwa mdomo, maana huo hauishiwi upepo." Namrushia kitambaa cha grisi, tunacheka. Lakini moyoni sikuwa nacheka hata kidogo.

Sasa angalia mambo yanavyopangana. Siku moja kabla ya wazee kufika, otomatiki ikagoma. Otomatiki ni kile kiswichi kinachoizima mota yenyewe tangi likijaa. Kiliungua, kikang'ang'ania palepale, mota ikawa haizimiki. Kilichotuokoa ni valvu ya usalama iliyo ubavuni mwa tangi. Upepo ukizidi, ile valvu inafunguka yenyewe na kuutoa nje, fyuuuu! Kelele yake inamfukuza hata mbwa. Nikashusha swichi kuu ya ukutani, nikaifunga kwa waya, nikaning'iniza kitambaa chekundu, nikaagiza otomatiki mpya kutoka Mbeya. Nikamwita Gibson.

"Shemeji, unaona hicho kitambaa?"

"Nakiona, bosi."

"Hakuna kuwasha mpaka kifaa kipya kije. Hata malaika akishuka na pancha, asubiri."

"Sawa bosi, nimekuelewa bosi," akanipigia saluti.

Usiamini saluti ya mtu anayecheka.

Wazee wakafika kesho yake mchana, nyuma ya pikapu, wamevaa suti zao za ibada. Vumbi la njia ya Ikinga na lile la malori ya Tunduma lilikuwa limewakaa mpaka kwenye nyusi. Niliiona pikapu kwa mbali nikakimbilia jikoni kwangu, kibanda kilichogusana na karakana, tumetenganishwa na bati moja tu. Huko nilikuwa napika kuku wa wageni pamoja na Angel, wifi yangu, mdogo wao wa mwisho. Kazi ya Angel siku hiyo ilikuwa kupeleka chakula na maneno, maana mimi nisingeweza kutia mguu karakanani Mzee akiwemo. Karakana yangu mwenyewe! Lakini ndiyo heshima, nikakaa na mwiko wangu mkononi.

Nikamsikia Gibson ng'ambo ya bati, sauti imejaa furaha. "Baba, suti yote vumbi! Ngoja nikupulize na upepo, dakika moja utang'aa."

Mara nikasikia mota inanguruma.

"Mungu wangu! Angel! Kimbia kamwambie shemeji azime! Na mwambie ule upepo haupigwi mtu mwilini, hata kwa mchezo. Unapasua ngoma ya sikio, unatoa jicho, unaingia kwenye ngozi mtu akavimba mpaka kufa. Kimbia!"

Angel akaenda, akarudi. "Wifi, anasema usiwe na wasiwasi, koti baba amelivua, wamelitundika kwenye kamba wanalipuliza hukohuko. Ila kuzima hazimi. Baba anataka kuiombea ikiwa inafanya kazi. Anasema haombei kitu kilicholala."

Ningefanya nini? Nikameza hasira. Nikasema, "Basi mwambie Gibson asogeze watu mbali, na ile valvu ikipiga kelele aiache ipige. Aiache! Ile ndiyo inayotulinda."

Kabla Angel hajaondoka, Mzee alikuwa ameanza kuomba. Aliomba kwa Kindali, sauti nzito, polepole, anamtaja Mungu wa baba zake na wale maksai mmoja mmoja. Nilisikia, nikaguswa, sitaki kudanganya. Ndipo valvu ikafunguka. Fyuuuuuu!

Maombi yakakatika. "Hiyo ni nini?" Mzee akauliza.

"Inavuja, baba," Gibson akajibu. "Shemeji hajaitengeneza."

"Inavuja?" Sauti ya mzee Anania ikapanda. "Maksai wa kaka yangu ndio wanamwagika hivyo?"

"Msijali, naiziba sasa hivi."

Nilimsukuma Angel mlangoni, "Nenda! Mwambie asizibe! Asizibe!" Nikabaki nimebandika sikio kwenye bati. Nilisikia spana inagonga chuma. Nikasikia ile fyuu inakuwa nyembamba, inakuwa nyembamba, halafu kimya. Mota ikaendelea kunguruma. Mzee akaendelea kuomba.

Wewe hujawahi kufanya kazi na upepo, hutajua hatari iko wapi. Kelele ya valvu haiogopeshi. Kinachoogopesha ni valvu kunyamaza huku mota inaendelea kusukuma. Belti ilianza kulia, mota ikabadilisha sauti, ikawa inahema kama mtu anayepanda mlima na gunia la mahindi. Angel akarudi mbio, machozi yanamlenga.

"Ameshaziba, wifi. Amekaza bolti na mpira wa tyubu kwenye tundu. Nimemwambia, ananionyesha kidole mdomoni, eti ninyamaze, baba anaomba. Na baba ameweka mkono juu ya tangi."

Ameweka mkono juu ya tangi!

Hapo nikasimama nikajua kila kitu kwa pamoja. Nikiingia mle, nimevunja mwiko mbele ya Mzee na mbele ya mzee Anania, na mzee Anania hakuwa akitafuta kingine ila sababu. Mashine itapakiwa jioni hiyohiyo, na mimi nitabaki mwanamke asiye na adabu kutoka Mbozi. Nisipoingia, baba wa mume wangu atapasukiwa na chuma akiwa anatuombea baraka. Jamani, kuna cha kufikiri hapo? Nilitupa mwiko chini nikatoka mbio, na Angel nyuma yangu.

Nikaingia karakanani na kitu cha kwanza nikaishika swichi kuu, nikaishusha. Mota ikazima. Watu wakafumbua macho.

"Umeme umekatika," akasema mzee Anania. Halafu akaniona. "Ala! Mke wa Tuntufye!"

Mzee naye akaniona. Akafanya kile ambacho ukoo wake umemfundisha tangu utoto: akalichomoa koti lake kambani, akajitwika kichwani, akageuka, akajibana kwenye kona nyuma ya tangi, uso kwenye bati. Upande uleule wa valvu iliyozibwa. Nikatazama geji. Mshale ulikuwa umepita mstari mwekundu, umegonga mwisho wake, hauna pa kwenda tena.

Gibson, kwa aibu, akachukua spana. "Basi shemeji, naifungua, usi—"

"Usiguse!" Nilipiga kelele mpaka dereva mmoja huko barabarani akazima redio yake. "Ukiilegeza hiyo bolti inakuua! Weka spana chini. Toka! Mzee Anania, toka nje! Wote nje, nyuma ya yale matairi makubwa!"

Gibson akatoka bila kuuliza, nadhani aliona uso wangu. Mzee Anania akatoka kinyumenyume, mdomo wazi. Kona ikabaki na Mzee. Na njia ya kutokea konani inapita mbele yangu, naye hawezi kupita mbele yangu.

"Angel," akasema kutoka ndani ya koti, kwa utulivu kabisa, "mwambie mke wa Tuntufye atoke, nimalize maombi."

"Baba, toka wewe, wifi anasema kuna hatari," Angel akalia.

Nikasema moyoni, basi, nimpe njia. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikampa mgongo, nikahesabu pumzi zangu nikisubiri kusikia hatua zake. Sikusikia hatua. Nilichosikia ni hiki: "Afadhali mota imenyamaza. Sasa Bwana atasikia vizuri." Nikageuka. Alikuwa amepiga goti, koti limemshukia mabegani, mkono ameurudisha juu ya tangi, amefumba macho, ameanza upya kwa maksai wa kwanza.

Nikafoka.

"Yesaya!"

Jina likatoka, zima, mbele ya wote. Angel akaziba masikio. Huko nje mzee Anania akasema "Yesu!" kama mtu aliyechomwa. Mzee akafumbua macho akanitazama usoni, na mimi nikamtazama. Sikuwa nimewahi kuona macho yake. Ni kama ya Tuntufye, yaleyale.

"Yesaya, toka hapo! Sasa hivi!"

Hakusogea. Si kwa ukaidi, maskini, alikuwa ameganda. Nikamwendea, nikamkamata mkono wa shati, nikamvuta. Mzee wa milimani ana nguvu, lakini mimi nabingirisha matairi ya lori kutwa. Nilimvuta kama ndama anayekataa josho, tukatoka mlangoni pamoja na Angel, Mzee nikamsukuma chini nyuma ya matairi kwa Gibson na mzee Anania, mimi nikamwangukia Angel.

Paaa!

Halafu ngurumo, bati zinatetemeka, vumbi linatoka mlangoni kama moshi. Ilikuwa ile bolti. Upepo ulikuwa umejitobolea mlango. Baada yake ukafuata wote uliobaki, unavuma, unavuma, kofia ya mzee Anania ikaruka mpaka chini ya lori. Wazee wakataka kuinuka. "Hakuna kuinuka!" Wakalala tena. Nilingoja mpaka ile sauti ikaisha yenyewe. Ndipo nikaenda peke yangu, nikafungua koki ya mpira wa upepo na koki ya chini kumaliza masalia, nikaangalia mshale umelala kwenye sifuri. Ndipo nikasema, "Haya. Njooni muone."

Wakaingia kwa kunyata. Kwenye bati la konani palikuwa na tundu. Mzee akalisogelea, akapiga goti mahali palepale alipokuwa akiomba, na tundu likawa sawasawa na paji lake la uso. Akaingiza kidole cha kati. Kikapita.

Angel akachungulia jikoni akapiga ukelele. Tukamfuata. Bolti ilikuwa imepita bati, imepita sufuria ya kuku huku na huku, imezama kwenye ukuta wa udongo, juu tu ya kigoda changu. Mchuzi wote chini. Mimi ningekuwa nimekaa pale na adabu zangu.

Hapo ndipo mzee Anania aliporudiwa na sauti. "Kaka, pamoja na hayo, kosa ni kosa. Amekuita kwa jina. Amekushika. Mbele ya watoto! Ukoo wetu haujawahi kuona. Mashine tupakie, twende, mambo ya mwanamke huyu tukayaamulie nyumbani."

Hasira ilinipanda ikanishuka ikanipanda tena. Nilikuwa nimejaa maneno mpaka kooni. Lakini Mzee aliinua mkono, na kwa mara ya kwanza sikugeuka kukimbia. Nilisimama nikiwa na masizi na grisi, nikamngoja aseme.

"Anania," akasema, "kidole changu kimepita kwenye lile tundu. Kichwa changu kingepita?"

Mzee Anania akalitazama tena lile tundu.

"Kosa lipo," Mzee akaendelea. "Mke wa mtoto ametaja jina la mkwe, na kosa hilo kwetu linatolewa kuku. Kuku huyo nitamtoa mimi, kwa sababu aliyefaidika na kosa ni mimi. Waambie huko nyumbani. Waambie pia mashine haiendi kokote." Akamgeukia Gibson, aliyekuwa amejikunja mlangoni, analia waziwazi kama mtoto. "Na wewe utabaki hapa. Akikuambia kaa, unakaa. Akikuambia usiguse, unakata mikono unaiweka mfukoni."

Halafu akanigeukia mimi. Akaniangalia bila koti, bila ukuta, kichwa wazi.

"Ferista," akasema.

Basi. Sikujua kama analijua jina langu! Nikapiga goti kama tulivyofundishwa Mbozi, na machozi yakatoka, tena ya kelele, maana mimi hata kulia siwezi kulia kimya. Angel akanirukia shingoni. Gibson akaja akapiga goti pembeni yangu, "Shemeji, nisamehe, nilitaka kumfurahisha baba." Nikampiga kofi la mgongo, siyo la kumuumiza sana, nikamwambia nimemsamehe lakini sufuria atanunua. Madereva walikuwa wamejaa mlangoni, mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, foleni nzima ikapiga honi. Sijui kama wote walijua wanashangilia nini. Nilijua mimi, na kifua changu kilijaa.

Kuku akapatikana kwa jirani. Tukala wote mkeka mmoja, mimi na Mzee. Mzee Anania alinuna mpaka alipopewa paja.

Otomatiki mpya ilifika kesho yake, na valvu mpya pamoja nayo. Nilifunga mwenyewe, Gibson ananishikia spana, mikono inafuata kichwa kwa mara ya kwanza. Mzee alikataa kuondoka kabla hajaona. Nilichora mstari kwa chokaa sakafuni nikamwambia, "Baba, nyuma ya huo." Akarudi nyuma ya mstari. Nikawasha. Mota ikanguruma, mshale ukapanda taratibu, ukafika mahali pake, na mashine ikazima yenyewe, tiki. Akaiombea kwa mbali, mikono mfukoni, na maombi yalikuwa mafupi.

Mara akaingia dereva wa Kizambia, pande la mtu, anatafuta wa kumtengenezea tairi. Akamwona Mzee na suti yake, akaona huyo ndiye mwenye mali. "Mwapoleni, bashikulu," akamsalimia kwa heshima kama mtu anavyomsalimia babu yake. "Fundi yuko wapi?"

Mzee akanyoosha kidole kwangu.

"Fundi ni huyu, binti yangu. Simama hapa kwenye mstari pamoja na mimi. Ukivuka atakufokea, na usifikiri ataangalia umri. Mimi ni mkwe wake, alinifokea jana kwa jina langu, ndiyo maana leo umenikuta nikiwa na kichwa cha kukujibu salamu."